Nimemdanganya kaka yangu kwamba nimeishinda kompyuta

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari hapa Tanga. Nina miaka 31, naishi na mama yangu mzazi na binti yangu wa miaka saba. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, kwa kuwa naogopa utaliona jambo langu ni la kitoto. Ni habari ya gemu la kompyuta. Lakini limeninyima usingizi tangu Machi, na sasa limenitia kwenye uongo nisioujua mlango wa kutokea.

Nina kaka mmoja tu, kanitangulia kwa miaka mitatu. Mwaka 2021 alipata kazi ya ghala huko Maskati, akaondoka. Aliniachia laptopu yake, na ndani yake mna Civilization VI. Kwa asiyelijua, ni gemu la zamu. Unaanza na mlowezi mmoja, unasimika mji wako wa kwanza, unavumbua ufinyanzi, maandishi, chuma, mpaka unafika kwenye roketi. Ukimaliza zamu yako unabonyeza, na wenzako nao wanacheza zao. Ukiwa peke yako wenzako hao wote ni kompyuta: mmoja Kleopatra, mwingine Gilgamesh, mwingine Mvemba a Nzinga wa Kongo.

Kabla hajasafiri tulikuwa tukicheza wawili kwenye laptopu hiyo hiyo, tukipokezana kiti. Yeye akimaliza ananiachia, mimi nikimaliza namwachia, na katikati ni kelele na kutaniana mpaka mama anatufukuza tukalale. Kaka alikuwa na kawaida moja. Mji wa Zanzibar ukitokea kwenye ramani, huacha kila kitu apeleke wajumbe huko kabla ya mtu mwingine, kwa sababu ukiwa mlezi wake unapata karafuu na mdalasini, na bidhaa hizo huzipati mahali pengine popote katika gemu lile. Watu wa miji yako wanaridhika, hawakuletei fujo. Mimi nilikuwa namwibia nafasi hiyo makusudi, nimsikie akilalamika.

Tulikuwa tunacheza ngazi ya Prince, ile ya katikati, na mara nyingi tunazishinda kompyuta zote. Alipoondoka nikapanda peke yangu hadi King. Nikashinda mara mbili kwa jasho. Mwezi Machi nikaingia Emperor. Mpaka leo ninapokuandikia nimecheza mara 11 na nimeshindwa mara 11. Hesabu ninayo, nimeiandika nyuma ya daftari la maandalio ya masomo.

Mara nne jirani alinivamia hata mji wa pili sijaujenga. Mara sita walinitangulia angani na roketi zao. Lakini ile iliyoniuma kuliko zote ilikuwa Juni. Nilikuwa naongoza. Nina miji 12, kituo cha kurushia roketi kinakaribia kwisha, nimeshaanza kutabasamu peke yangu gizani. Nikabonyeza zamu iishe. Kioo kikabadilika, kikaniambia nimeshindwa: Peter wa Urusi ameshinda kwa njia ya dini. Kumbe dini yake ilishaenea kwa wenzangu wote, na kwangu miji 7 kati ya 12 ilikuwa ikiifuata. Siku zote hizo nilikuwa nawaona wale wamisionari wake wakipita barabarani kwangu na sikuwajali. Ile ramani ya dini sikuwahi kuifungua hata mara moja.

Niliipiga stuli teke. Binti yangu akaamka, akaja mlangoni anafikicha macho, akaniuliza, "Mama, nani kakuudhi?" Nikamwambia hakuna mtu. Na kweli hapakuwa na mtu.

Siku hizi nimeanza kurudi nyuma. Nikiona vita vinanielemea, nafungua ile niliyohifadhi zamu kumi kabla, nacheza upya. Bado nashindwa. Najiona sina akili. Mimi ndiye ninayesimama ubaoni kuwaambia watoto wa watu kwamba kukosea ni njia ya kujua, halafu saa saba usiku mashine inanizidi akili kwenye jambo la kupanga na kuhesabu, ambalo ndilo kazi yangu. Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha mitihani ya Kidato cha Pili nikiwa nimelala saa tatu tu. Kwenye karatasi ya mwanafunzi mmoja niliandika kwa kalamu nyekundu, "Hufikiri." Nilipozirudisha, nikipita karibu na dawati lake, nilimwona amelifunika lile neno kwa kiganja.

Sasa uongo wenyewe. Kaka huniuliza kila mara kwa ujumbe wa sauti, "Vipi Emperor?" Siku moja ya Aprili nilikuwa nimechoka kusema bado, nikamjibu, "Nimeshaivuka." Akafurahi mno. Akawasimulia wenzake anaoishi nao chumba kimoja, nikawasikia nyuma wakisema dada yako kichwa. Baada ya hapo sikuweza kurudi. Julai nikamwambia nimeshinda hata Deity, ngazi ya mwisho kabisa. Akaomba picha. Nikatafuta intaneti picha ya ushindi wa mtu mwingine, nikamtumia. Aliiweka kwenye stetasi siku nzima.

Mama, kaka anakuja likizo Desemba. Amesema usiku wa kwanza tu tunakaa mezani, nimwonyeshe nilivyofanya.

Nifanye nini? Nimwambie kabla hajafika? Nijitahidi nishinde kweli kabla ya Desemba, ili uongo uwe umekwisha wenyewe? Au niifiche laptopu niseme imeharibika? Mama yangu, ambaye hajui yote haya, akiniona nimenuna huniambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Nakubali basi, mara 11 nimekubali. Kwa nini kitu kisicho na roho kiniumize hivi?

Alichokuwa akikipata kaka kwa baba ndicho nilichokuwa nakitafuta, nadhani. Baba alimfundisha bao yeye. Mimi nilikuwa nikiwaletea kahawa barazani, nikisimama na sinia mpaka baba aseme, "Haya, rudi ndani."

Wako,
Mwalimu wa Hesabu, Tanga

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jioni nikairudia asubuhi, na utoto sikuuona popote. Nimeona mtu anayefundisha mchana kutwa, analea mwana, anakaa na mzazi, na saa pekee anayoipata ya kuwa na nafsi yake ni usiku wa manane. Na saa hiyo imegeuka kuwa mahali pa kuumizwa. Hilo si dogo.

Nikueleze nilivyokuelewa, unisahihishe nikienda kombo. Umeshindwa na kompyuta mara 11, na kila mara umejihukumu kuwa huna akili. Umeona aibu kumwambia kaka yako, ukamwambia umeshinda, kisha uongo ukadai mwenzake, na mwenzake akadai picha. Desemba iko karibu. Na chini kabisa ya barua, kama mtu aliyekwisha kuaga halafu akageukia mlangoni, umeniandikia habari ya sinia la kahawa. Nitaifikia.

Nianze na akili, maana umelitaja neno hilo zaidi ya mara moja. Gemu lenu mimi silichezi, lakini mpwa wangu analicheza, na Jumapili nilimwomba anikalishe mbele ya kioo anionyeshe. Tulikaa saa tatu. Alinieleza jambo ambalo huenda unalijua ila uchovu umelifunika. Prince ndiyo ngazi ambayo wewe na kompyuta mnaanza sawa. Ukipanda juu ya hapo, kompyuta haianzi kufikiri vizuri zaidi. Inaongezewa. Kwenye Emperor kila mpinzani anaanza na walowezi 2 na wewe una 1, anaanza na askari 3 na wewe una 1, na uzalishaji na dhahabu yake vinaongezwa asilimia 40. Kwenye Deity ni walowezi 3, na nyongeza ni asilimia 80.

Wewe ndiye mwalimu wa hesabu, hiyo hesabu ifanye. Mimi nitaisema kwa bao, ndilo ninalolijua, kwa kuwa marehemu mume wangu barazani hapakumtosha akawa analileta mpaka sebuleni. Bao la Kiswahili lina kete 64. Kila mmoja ana 32: 10 anazipanga, 6 kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 anabaki nazo mkononi za kunamua. Sasa chukulia mtu anakuja, anajichotea kete 40, anakuachia 24, halafu anasema tuanze. Ukifungwa hapo, nani barazani atakuita mjinga? Watasema, "Mbona mmegawana hivyo?" Lakini wewe hukuwa barazani. Ulikuwa peke yako gizani, na hapakuwa na mtu wa kulisema hilo neno.

Ila nisikupe faraja ya upande mmoja. Anayejua kwamba mwenziwe ana kete 40 hachezi kama anavyocheza siku zote. Mpwa wangu anasema wapinzani hao hao wenye mali nyingi ni hafifu sana wa vita; huleta askari wao ovyo mpaka chini ya ukuta, na wapiga upinde wachache waliokaa vizuri huwamaliza. Mara nne jirani alikuvamia mapema. Je, katika hizo mara nne ulikuwa unacheza kwa mwendo ule ule mliouzoea na kaka kwenye Prince, ule wa kujenga kwanza na kuulizana baadaye? Na ile ya Juni: Peter hakukuzidi akili. Alipita mlango ambao hukuwa ukiuangalia. Inauma, lakini ni maumivu ya aina nyingine. Ukimwona mwanafunzi wako amefanya swali zima sawasawa akasahau alama ya kutoa kwenye mstari wa pili, humwambii hana akili.

(Au siku hizi unamwambia. Nitarudi hapo.)

Uliniuliza kwa nini kitu kisicho na roho kikuumize. Nimelifikiria swali hili kuliko mengine yote, na nataka nikupe habari za watu wawili.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu kama wewe. Marion Tinsley alifundisha chuo kikuu huko Florida, Marekani, na katika drafti alikuwa bingwa ambaye kwa miaka zaidi ya 40 michezo aliyofungwa ilihesabika kwa vidole. Mtu mmoja nchini Kanada, Jonathan Schaeffer, akatengeneza programu ya drafti akaiita Chinook. Mwaka 1990 walipocheza michezo ya kirafiki, Schaeffer aliisogeza kete ya Chinook kwenye hatua ya kumi, na Tinsley akamwambia papo hapo kwamba ataijutia hatua ile. Ikawa kweli, ingawa ilichukua hatua nyingi mbele kwa Schaeffer kuliona alichokuwa amekiona mzee. Mwaka 1992 walikutana London kugombea ubingwa. Tinsley alishinda 4, akafungwa 2, sare 33. Alifungwa na mashine, tena mara mbili, yeye asiyefungwa, na bado alitaka kuendelea kucheza nayo, kwa sababu binadamu wenziwe walikuwa wakimwogopa na kutafuta sare tu. Walirudiana mwaka 1994 mjini Boston, wakatoka sare 6, ugonjwa ukamzuia asimalize, na mwaka uliofuata akafariki.

Wa pili ni Lee Sedol wa Korea Kusini, bingwa wa Go, mchezo wa kupanga mawe kwenye ubao. Machi 2016 mjini Seoul alicheza na programu ya AlphaGo akafungwa 4 kwa 1. Mbele yake alikaa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuweka jiwe pale kioo kilipomwelekeza, bila neno. Novemba 2019 Lee aliacha mchezo, na alieleza kwamba hata akiwa wa kwanza duniani kuna kitu ambacho hakishindiki.

Hawa walicheza kete sawa kwa sawa, na programu zile zilikuwa na uwezo wa kweli. Hali yako haiko hivyo. Sithubutu kusema najua kilichokuwa moyoni mwa Lee Sedol. Lakini nikiwaweka wawili hao pamoja, jicho langu linakwenda mezani. Tinsley alikuwa na mtu wa kumwambia "utaijutia." Alikuwa na mtu wa kucheka naye, kubishana naye, kuulizana naye baadaye kosa lilikuwa wapi. Kufungwa kwake kulipata pa kwenda.

Binti yako alikuuliza nani kakuudhi, ukamjibu hakuna mtu. Nadhani ulimjibu kweli kuliko ulivyojua. Kleopatra yule hakucheki. Gilgamesh hajui kama amekushinda. Lakini mtu akifungwa huwa anangoja kusikia neno, hata liwe la utani, na neno lisipotoka upande wa pili, unajisemea mwenyewe. Ulijisemea "huna akili." Kaka yako angekuwepo angesema nini? Mimi naamini angesema, "Sasa wamisionari wote wale ulidhani wanakwenda sokoni?" na mngecheka mpaka mama awafukuze.

Ndiyo maana methali ya mama yako inakukera, ingawa ni nzuri na yeye anakutakia mema. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kukubali huko tunamkubalia mtu. Tunampa mkono. Wewe mkono ungempa nani?

Kuhusu kurudi nyuma na kufungua ile uliyohifadhi, umeiandika kana kwamba unaungama wizi. Sioni wizi hapo, hujamnyang'anya mtu kitu. Swali langu ni dogo: unaporudi zamu kumi, unarudi kuangalia uliteleza wapi, au unarudi kufuta? Nasahihisha barua zangu nami, najua vyote viwili vinafanana kwa nje. Jibu unalo wewe, na huenda usiku mmoja ni hivi na mwingine ni vile.

Sasa sinia la kahawa. Uliliweka mwisho, sentensi chache tu, bila swali. Nami sitaki kulichimba kuliko ulivyotaka. Nataka tu nilitazame kidogo pamoja nawe. Msichana amesimama barazani, mikono imeshika sinia, macho yako kwenye bao. Anaona baba akimwonyesha kaka pa kuanzia kete. Halafu anaambiwa rudi ndani. Umesema ulichokuwa ukikitafuta ni kile alichokipata kaka. Inawezekana. Lakini angalia pia alichokifanya kaka yako alipokua: alikuita mezani. Alikuachia kiti. Alipoondoka alikuachia laptopu. Na ulipomwambia umevuka Emperor aliwaita wenzake wasikie. Umeichukulia furaha yake kama furaha ya ushindi wako, na ndiyo maana unaogopa ikiondoka hakitabaki kitu. Una hakika ndivyo ilivyo? Kwa miaka yote mliyokaa mezani, alikupenda siku ulizoshinda tu? Wewe ndiye uliyekuwa unamwibia Zanzibar, na kwa maelezo yako alikuwa analalamika kwa raha.

Twende kwenye Desemba.

Kushinda kweli kabla hajafika ndiyo njia unayoipenda, naona, maana umeiandika kwa maneno mengi kuliko nyingine. Inawezekana ukashinda Emperor. Hujakaa mbali, ile ya Juni inaonyesha. Lakini uliyomwambia ni Deity, na kutoka Emperor hadi Deity kuna Immortal katikati. Ina maana usiku mwingi zaidi, na wewe usiku umekwisha kuupunguza mpaka umefika kwenye karatasi za wanafunzi. Na hata ukishinda, ile picha uliyotuma itabaki kuwa ya mtu mwingine. Ushindi wa Desemba hauwezi kugeuka kuwa wa Julai. Ukiona unaweza kuishi na hilo, ni wewe. Mimi nakuonyesha tu kwamba njia hiyo haifiki mwisho unaoudhania.

Kuificha laptopu, au kusema imeharibika, kutakupa usiku mmoja wa amani. Lakini kaka yako ndiye mwenye laptopu. Atataka kuitengeneza. Ataikalia na bisibisi wewe ukiwa umesimama pembeni, na uongo wa nne utahitajika. Sipendi kukuona hapo, nakwambia wazi.

Kumwambia kabla hajapanda ndege kuna uzuri wake: anapata muda wa kukasirika akiwa mbali, akifika yameshapoa. Hatari yake ni kwamba sauti kwenye simu haina uso. Anaweza kuisikiliza kazini, katikati ya makelele, akasikia lile la uongo na asisikie lile la 11. Na kuna wenzake wa chumba, aliowasimulia. Aibu hiyo itakuwa yake si yako, na ataibeba akiwa huko ugenini. Ukichagua njia hii, hilo la wenzake litaje wewe kabla hajalitaja yeye.

Kumwambia mkiwa mezani, uso kwa uso, kuna uzuri mwingine. Atakuona. Lakini atakuwa amekuja na hamu ya miezi, na siku ya kwanza nyumbani ina uzito wake. Mama yupo, mtoto yupo, majirani wanaingia na kutoka. Kuna watu wanaoweza kulipokea jambo kama hilo usiku wa kwanza, na kuna wanaohitaji wawe wamelala kwanza, wameoga, wamekula samaki wa nyumbani. Kaka yako ni yupi kati ya hao, wewe ndiye unayejua.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja. Unaweza kumtumia si ungamo, ila lile daftari. Piga picha ya ukurasa wa nyuma, ule wenye mara 11, umtumie na maneno machache: hii ndiyo kweli, nyingine nitakueleza ukifika. Hatari yake ni kwamba ataanza kuuliza maswali papo hapo, na itabidi uwe tayari kujibu au kusema ngoja. Lakini ukurasa huo una kitu ambacho ile picha ya ushindi haina. Ni wako. Una jirani aliyekuvamia mara nne, roketi sita na Peter mmoja. Mtu anayelipenda gemu hilo akiuona ukurasa kama huo, sijui kama cha kwanza atakachokiona ni uongo.

Kushuka ngazi nako hukukutaja, sijui kama ni kwa kusahau au kwa aibu. Kurudi Prince kwa muda, kukaa palipo sawa kwa sawa, au kuliacha kabisa mpaka Desemba. Wapo wanaopumzika hivyo wakarudi na hamu. Wapo pia wanaoacha wakabaki na uchungu, kwa sababu walichokiacha hakikuwa gemu. Jaribu wiki moja uone mwili unasemaje.

La mwisho sitalipitia haraka. Yule mtoto wa Kidato cha Pili. Najua hukukusudia, na najua saa ulizokuwa umelala. Lakini lile neno uliloliandika kwa kalamu nyekundu ndilo ulilokuwa ukijisemea mwenyewe usiku, na sasa amelibeba yeye. Kaka yako ni mtu mzima, anaweza kungoja hadi Desemba. Huyu anakuona kesho asubuhi. Sikuambii umwite ofisini wala usimame mbele ya darasa. Mwanafunzi anaweza kuaibika mara ya pili ukifanya hivyo. Pengine ni kuchukua daftari lake kimya kimya, kukaa naye kwenye swali moja alilokosa, kutafuta mstari alipopotelea, na kumwambia neno lile halikuwa lake. Kiganja chake umekiona mwenyewe, mimi nimekisoma tu, na bado hakijanitoka.

Usiku wa leo, kama utaiwasha, nakuomba kitu kimoja kidogo. Ifungue ile ramani ya dini. Uitazame tu, usicheze. Kisha uizime ukalale karibu na mwanao.

Na kaka akishafika, yakishasemwa ya kusemwa, mkikaa tena mezani mkapokezana kiti, uniandikie. Nitapenda kujua Zanzibar safari hii imechukuliwa na nani.

Wako akupendaye,
Mama